Nani Anapiga Kinanda Bomet?

Ukiabiri matatu kutoka Kericho kwenda Bomet, utasikia nyimbo nyingi za Kikalenjin zikianza kwa salamu. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, studio imeshajitangaza. Ndani ya wimbo watatajwa marafiki, mwenye baa, mwanasiasa aliyechangia gharama za video, pengine hata mwenye matatu fulani. Jina moja tu halisikiki: la aliyepiga kinanda. Na mara nyingi huyo ndiye aliyepiga karibu kila kitu. Besi ni mkono wake, ngoma ni kazi yake, na tarumbeta ikilia, ujue hapakuwa na tarumbeta studioni.

Wapo wazee wa gita wanaomlaumu mtu huyo. Wanasema kinanda ndicho kilichovunja bendi. Zamani sherehe ilihitaji mpiga gita la solo, wa ridhimu, wa besi, mpiga ngoma na waitikiaji wawili watatu, na kila mmoja alirudi nyumbani na kitu mfukoni. Leo mwimbaji anafika na kijana mmoja aliyejitwika kinanda begani, stendi mkono huu, furushi la nyaya mkono ule. Katika eneo hili la majani chai, lawama hiyo ina uzito ambao haina Nairobi, kwa sababu huku watu wameona kwa macho yao mashine inavyoweza kumwondoa mtu shambani.

Mnamo Mei 2023 waandamanaji wa Kericho waliingia katika mashamba ya Ekaterra, kampuni iliyorithi mashamba ya Unilever, wakateketeza mashine tisa za kuchuma chai. Mtu mmoja aliuawa katika vurumai hizo. Mjumbe wa jopo lililoundwa na serikali ya kaunti alisema kwamba nafasi za kazi 30,000 zilipotea katika muda wa mwongo mmoja kwa sababu ya mashine hizo. Moja ilisemekana kufanya kazi ya watu 100. Si ajabu basi mtu akiona kinanda kimoja kimekaa mahali pa wanamuziki watano, akasema ni yale yale.

Si yale yale, au si yale yale kabisa. Mashine ya chai ni mali ya kampuni, na anayeiendesha ni mwajiriwa. Kinanda aghalabu ni mali ya mpigaji mwenyewe; amekinunua kwa kuuza ndama au kwa mkopo wa sacco, na hakitatoa hata noti moja yenye ladha ya Kikipsigis kama yeye hajui wimbo unapopanda na unaposhuka. Kinachofanana ni hesabu ya mwisho. Faida ikigawanywa, mwenye mikono hayumo. Na hilo halikuanza na kinanda.

Lilikuwepo hata siku za chepkong'o, kinubi cha Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makazi yake kusini mwa Afrika, alifika Kapkatet na mitambo ya kurekodi. Miongoni mwa aliyonasa kwa Wakipsigis ni nyimbo tatu kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika Bonde la Ufa pamoja na gramafoni. Mikononi mwa Wakipsigis mzungu huyo aligeuka nusu mtu nusu paa. Toleo linalopendwa zaidi liliongozwa na Chemutoi Ketienya akiwa na wasichana wenzake: kinubi kinazunguka pale pale, hakina haraka, na sauti za wasichana zinashuka juu yake kwa pamoja, zinapumua, zinashuka tena. Anayeusikia mara ya kwanza hutaka kuusikia mara ya pili.

Tracey aliandika jina la Chemutoi. Tumpe haki yake kwa hilo, maana studio nyingi za leo hazifiki hapo. Lakini kuandikwa jina na kufikiwa na matunda ni mambo mawili. Rekodi zilikwenda zake, na mwaka 1954 Tracey akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wimbo wa Kapkatet ukazunguka dunia katika santuri na baadaye CD. Ilikuwa mwaka 2014, miaka 64 baadaye, maktaba hiyo iliposhirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ikiongozwa na Tabu Osusa, kurudi Kapkatet na nakala, wakiwatafuta waimbaji waliosalia na jamaa za waliokwisha kufa.

Hapakuwa na kinanda cha umeme Kapkatet mwaka 1950, wala hapakuwa na sauti ya mashine ya kusingizia.

Halafu Kericho ikapata studio yake yenyewe. Vijana wengi hudhani muziki wa Kenya ulitoka River Road, Nairobi, peke yake. Sivyo. A. P. Chandarana, mfanyabiashara wa muziki mjini Kericho, alirekodi bendi na kutoa santuri ndogo za 45 kwa lebo kama Mambo na Saba Saba. Mahali penyewe palikuwa pa akili. Tangu miaka ya 1920, mashamba ya Brooke Bond na yale ya James Finlay yalikuwa yakivuta vibarua kutoka Nyanza na Magharibi, wakaishi kambini bega kwa bega na Wakipsigis. Ikifika siku ya mshahara, kila lugha ilitaka wimbo wake. Hivyo mji mmoja mdogo wa chai, wenye mvua ya alasiri karibu kila siku, ukawa mahali ambapo benga ya Kijaluo, ya Kiluhya na ya Kikalenjin ziliuzwa kaunta moja.

Nyota wa gita la Kikalenjin katika enzi hiyo alikuwa Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band yake. Alifariki mwaka 2007, lakini harusi ya Kikipsigis isiyo na wimbo wake bado huonekana ina kasoro. Kila mtu wa umri fulani anamjua Kipchamba. Waulize hao hao nani alikuwa akimpigia besi, uone watakavyotazamana. Wale wazee wa gita wanaokilaumu kinanda leo walikuwa watu wasiotajwa hata wakati bendi zilipokuwa na watu sita. Wao pia walilipwa kwa siku, mkono kwa mkono, na santuri ikiuzwa mara elfu, ile siku haikurudi.

Kinanda chenyewe kina historia ya kuchekesha kidogo. Kampuni ya Casio, iliyojulikana kwa vikokotoo, ilianza kuuza vinanda vya umeme mwaka 1980. Mwaka uliofuata ilitoa kijidude kiitwacho VL-1, ambacho kilikuwa kinanda upande mmoja na kikokotoo upande wa pili. Bendi ya Kijerumani ya Trio ilichukua mdundo uliokuwa tayari ndani ya kijidude hicho ikautumia katika Da Da Da, wimbo wa mwaka 1982 uliovuma Ulaya nzima. Mwaka 1981 Casio ilitoa pia MT-40, na mmoja wa midundo yake ulitengenezwa na Okuda Hiroko, mwanamke kijana aliyekuwa ametoka tu chuo cha muziki. Mwaka 1985, kule Jamaika, mdundo huo ukawa Under Me Sleng Teng ya Wayne Smith, na muziki wa reggae haukurudi ulikokuwa. Mamia ya nyimbo yametengenezwa juu ya mdundo ule. Kwa miaka mingi ni wachache nje ya kampuni yake waliojua Okuda ni nani.

Dar es Salaam nako, vijana wa mitaa ya uswahilini walichukua Casio ndogo za namna hiyo, wakaziunganisha na spika zilizochoka na ngoma za kupigwa kwa mkono, wakazaa mchiriku. Kundi la Jagwa Music lilitoka huko hadi majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2012 likatoa albamu yake ya Bongo Hotheads huko Ubelgiji. Hakuna anayesema mchiriku si muziki halisi. Kwa nini basi mpiga kinanda wa Bomet aonekane mwizi wa kazi za watu?

Mtazame akiwa kazini. Ni Desemba, harusi au sherehe ya vijana waliotoka jandoni, mahema yako kwenye nyasi na chai iko pande zote. Kinanda ni cha aina ya Yamaha inayoleta kikosi kizima ndani yake. Juu ya vitufe pamebandikwa vipande vya karatasi ya gundi vyenye namba zilizoandikwa kwa kalamu: ridhimu hii ni ya wimbo wa mwaliko, hii ni ya kanisa, hii ni ya kuwainua akina mama. Mkono wa kushoto unashika noti tatu, na noti hizo tatu zinaiambia mashine besi iende wapi. Mkono wa kulia unacheza kama gita, sauti fupi fupi zinazorukiana juu. Mwimbaji akianza wimbo palipo juu mno kwa koo lake, kidole kinagusa kitufe na wimbo mzima unashuka hatua moja, bila mtu kujua.

Mdundo uliotoka kiwandani haujui Kikipsigis, ndiyo maana mpigaji mzuri huuvunja. Anazima ngoma ya kiwanda, anapanga yake: teke la chini linalosukuma mbele, kengele inayokatika kabla ya wakati, besi inayotembea peke yake pale gita linaponyamaza. Hiyo ndiyo benga, na aliyeipanga alikesha nayo. Mzee wa boma akisogea akasema, "Kijana, tupigie ile ya Kipchamba," kijana atajibu, "Sawa, mzee," na katika sekunde kadhaa atakuwa ameikumbuka kwa masikio, hana karatasi yoyote mbele yake. Wengi wamejifunza hivyo kanisani, wakiambatana na kwaya tangu utotoni. Mtu kama Mchungaji Joel Kimetto, anayehesabiwa baba wa injili ya Kikalenjin, alifungua njia ambayo vinanda vya makanisa ya Bureti na Sotik vimeipita maelfu ya Jumapili.

Kumwita kijana huyo "mwenye biti" ni kumpunja. Ndiye anayeamua wimbo uanze vipi, uingie wapi, ukate wapi, na mwimbaji amfuate. Kazi hiyo, katika bendi ya watu sita, ilikuwa na cheo: kiongozi wa bendi.

Pwani na Tanzania bara wanalijua hilo. Taarabu ya kisasa iliposukuma nje fidla na akodiani, mpiga kinanda hakufichwa nyuma ya jukwaa. Thabit Abdul alijulikana kwa kinanda chake kabla hajawa kiongozi wa Wakali Wao, na mashabiki wa taarabu humtaja kwa jina kama wanavyomtaja mwimbaji. Katikati ya wimbo utasikia wapigaji wakitambulishwa mmoja mmoja, kinanda, solo, besi. Ni desturi ya dansi ya Tanzania ya tangu zamani, na haigharimu hata senti. Huku kwetu tumewatambulisha wanasiasa badala yake.

Lakini kutajwa peke yake hakumlishi mtu, na hapo ndipo inafaa kutazama mbali zaidi, Stuttgart, Ujerumani. Wolfgang Dauner alizaliwa huko mwaka 1935, akapiga piano ya jazi, na vilipokuja vinanda vya umeme akavipokea mapema kuliko wenzake wengi. Mwaka 1970 aliunda kundi la Et Cetera, lililochanganya jazi, roki na milio ya elektroniki kwa namna iliyowaudhi wapenzi wa jazi safi. Nao walikuwa na hofu yao: kwamba umeme utaua muziki. Haukuua. Mwaka 1975, kwa ajili ya kipindi cha vijana cha televisheni, Dauner na mtayarishaji Werner Schretzmeier walikusanya wapigaji waliokuja kuitwa United Jazz and Rock Ensemble, wengi wao wakiwa viongozi wa bendi zao wenyewe: Albert Mangelsdorff na tromboni yake, Volker Kriegel na gita, Barbara Thompson na saksofoni, Jon Hiseman kwenye ngoma. Watu walilitania kuwa bendi ya viongozi wa bendi.

Kwa msomaji wa Bomet, jambo la kuangalia ni walichofanya mwaka 1977. Hawakupeleka kazi yao kwa kampuni kubwa. Dauner, Kriegel, Mangelsdorff, mpiga tarumbeta Ack van Rooyen na Schretzmeier walianzisha lebo yao, Mood Records, na santuri yao ya kwanza ya ukumbini, Live im Schützenhaus, ikawa miongoni mwa rekodi za jazi zilizouzwa zaidi nchini mwao. Mpiga kinanda alikuwa pia mmoja wa wenye lebo. Dauner alifariki Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 84, na umeme alioukumbatia maisha yake yote haukumfanya mtu asiye na jina.

Msomaji atasema Stuttgart ni Stuttgart: kule kuna redio za umma zinazolipa, kumbi zenye ruzuku, wanunuzi wenye pesa. Ni kweli, na ulinganisho huu usivutwe hadi ukakatika. Ila kuanzisha lebo siku hizi ni rahisi kuliko ilivyokuwa kwao. Hakuna haja ya kiwanda cha kuchapa santuri. Wapigaji watano wa Litein, Sotik na Bomet wakiungana, wanaweza kuwa na akaunti moja ya YouTube, chumba kimoja kilichozibwa kwa magodoro na kompyuta moja, kisha mwimbaji aje kwao badala ya wao kuitwa kwa simu usiku. Eneo hili si geni kwa ushirika. Wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vya Kapkatet, Litein, Mogogosiek au Kapkoros ni wenye hisa katika viwanda hivyo, na bonasi ikija pungufu wanajua pa kwenda kupiga kelele. Mpiga kinanda hana mlango wa kupigia kelele.

Au anao, ila hajaugonga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mpiga ala kuwa mtumbuizaji mwenye haki zake, mbali na haki za mtunzi na za mwenye rekodi. Ndiyo maana viliundwa vyama vitatu: MCSK cha watunzi, KAMP cha watayarishaji, PRISK cha watumbuizaji. Wimbo ukichezwa Kass FM au Chamgei FM, kwenye hoteli ya Kericho au ndani ya basi, ada inayolipwa inapaswa kugusa makundi yote matatu. Vyama hivi vina ugomvi wake usiokwisha, na mgao ukifika huwa umekonda. Wasanii wamelalamika hadi sauti zimekauka. Hata hivyo asiyeandikwa hana hata cha kulalamikia. Mwimbaji aliyejisajili kama mtunzi, mwenye rekodi na mtumbuizaji pekee, wakati besi, ngoma na gita vimetoka katika vidole vya mtu mwingine, amechukua viti vitatu akiwa mtu mmoja.

Waimbaji watasema, na si uongo, kwamba wao ndio wanaogharimia. Wanalipa studio, video, nguo, nauli, na wimbo ukianguka wanaanguka peke yao. Mpiga kinanda ameshalipwa chake na kwenda. Hoja hiyo inatosha kueleza kwa nini mwimbaji apate zaidi. Haielezi kwa nini mwenzake apate malipo ya siku moja kwa wimbo utakaochezwa miaka kumi, wala kwa nini jina lake likosekane chini ya video yenye nafasi ya kuandika namba za simu za watu wa kukodisha mahema.

Bonasi ya chai hulipwa karibu na Oktoba, na baada yake studio hujaa kwa ajili ya harusi na sherehe za Desemba. Msimu huo ndio wa kuanza kutumia karatasi moja kabla kinanda hakijachomekwa: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, aliyepanga na kupiga ala, tarehe, kiasi kilicholipwa, na asilimia ya kila mmoja mapato yakija. Sahihi mbili, na picha ya karatasi ibaki kwenye simu ya kila mtu. Watangazaji wa redio wadai jina hilo kabla ya kucheza wimbo, kama wanavyodai wimbo wenyewe uwe na sauti safi. Kwa sheria ya Kenya rekodi hulindwa kwa miaka 50. Kijana wa miaka 20 anayerekodi Desemba hii atakuwa na 70 ulinzi huo utakapoisha, na kabla ya hapo wimbo wake utakuwa umechezwa katika harusi za watoto wake na pengine za wajukuu.